Mdaiwa Aliyehamia Kwangu

Mume wangu aliniachia nyumba ya vyumba vinne mjini Mbeya, juu kidogo ya soko, pale ardhi inapoanza kupanda kuelekea mlimani. Alikuwa dereva wa lori. Alikufa kwenye mteremko wa kushukia Usangu, breki zilipomkatalia, na waliokuja kunipa habari walinikuta uani naanika mahindi. Mimi ni Mhehe, kwetu ni vijiji vya upande wa Tosamaganga, nje ya Iringa. Ndugu wa mume wangu walitaka nifunge mizigo nirudi kwa mama. Nikakataa. Nyumba ilikuwa na paa la bati na mlango wa mbele wenye kufuli, na miaka ile ya hamsini mjane mwenye nyumba ya namna hiyo alitazamwa kama mtu aliyevaa koti la mwenzake. Kila mtu alikuwa anasubiri mwenye koti aje alivue.

Nilikaa chumba cha mbele, vitatu nikapangisha. Viwili vya nyuma vilikuwa vimechoka. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa wa kupitisha mkono, na kenchi za paa zilikuwa zimeliwa na mchwa. Mzee mmoja wa kanisa letu akanielekeza kwa fundi.

"Alikuwa Lupa, kwenye machimbo ya dhahabu," alisema. "Amejengea wazungu."

Hiyo ilitosha. Wakati ule ukisema mtu amejengea wazungu, hakuna aliyeuliza alijenga nini.

Fundi mwenyewe alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na alivua kofia kila alipozungumza nami. Siku ya kwanza alitoa pima maji kwenye sanduku lake, akaiweka juu ya kizingiti cha dirisha, akaitazama muda mrefu, kisha akatikisa kichwa kwa huzuni kama daktari. Nikamwamini hapohapo. Alifanya kazi kiangazi chote kilichobaki. Alibomoa ukuta wa nyuma, akajenga mwingine kwa matofali ya udongo, akabadilisha kenchi, akarudisha bati, akapaka chokaa. Ulipokauka ulikuwa mweupe, mzuri, na mimi nilipita nyuma ya nyumba mara nyingi kuliko ilivyohitajika ili niutazame tu. Nikamlipa yote.

Mvua za mwanzo zilikuja na upepo. Katika chumba kimoja cha nyuma, kingine kikiwa bado kitupu, alikaa askari mstaafu, mzee mpole aliyependa kupika mwenyewe. Alasiri moja alikuwa barazani akimenya viazi, mimi niko ndani, nikasikia kishindo kizito, kama gunia la mahindi limeshushwa kutoka juu ya lori. Mzee akaja mlangoni kwangu na kisu mkononi.

"Mama mwenye nyumba," alisema kwa heshima zake zote, "chumba changu kimetoka nje."

Tukaenda kutazama. Ukuta wote ulikuwa umelala juu ya kitanda chake. Kenchi zilibaki zimening'inia kwenye bati, na mvua ikawa inaingia ndani kama mgeni aliyekaribishwa. Nilishika tofali moja lililopasuka. Kwa nje lilikuwa kavu. Ndani lilikuwa tope, laini kama ugali wa moto. Na pale ukuta mpya ulipokutana na wa zamani haukuwa umefungwa hata kidogo. Kuta zile mbili zilikuwa zimesimama pamoja tu, kama watu waliogombana wakalazimishwa kupiga picha.

Nilimfuata fundi. Akavua kofia, akasema mvua ya mwaka huu si ya kawaida. Nilimfuata tena, akasema atakuja Jumatatu. Jumatatu nyingi zikapita. Mwishowe nikajifunga kanga mbili, nikaenda baraza la liwali kumshitaki.

Liwali alikuwa mtu wa pwani, kanzu yake nyeupe hata katika matope yale, na pembeni yake walikaa wazee wa baraza na karani. Waliniuliza nani ananisemea. Nikajibu najisemea. Mzee mmoja akacheka kidogo, akainama kufuta miwani yake.

"Haya, sema."

"Ukuta imeanguka," nilianza.

"Umeanguka," karani alisema bila kuinua kichwa.

Kiswahili nilikuwa nimejifunza ukubwani, kwa mume wangu na sokoni, na kila nilipotamka sentensi karani aliisahihisha kabla ya kuiandika. Nilihisi kana kwamba maneno yangu nayo yanajengwa upya na mtu mwingine. Lakini nilisema yote, nikaweka mezani tofali nililokuwa nimelibeba ndani ya kikapu. Liwali akaligusa kwa kidole, akakifuta kidole kwa leso. Fundi hakubisha. Alisimama na kofia yake kifuani, akasema yeye ni fundi, na kama ukuta umeanguka yuko tayari kuusimamisha.

Hukumu ikatoka hapohapo. Fundi ataujenga ukuta upya na kulirekebisha paa kwa mikono yake mwenyewe na kwa matofali yake mwenyewe. Mdai asiajiri fundi mwingine kugusa kazi hiyo, ili lawama zisije zikachanganyika. Na kwa kuwa nyumbani kwa fundi ni mbali, huko Umalila, na njia itamlia siku nzima, mdai atampa mahali pa kulala mpaka kazi iishe. Asiondoke Mbeya yeyote kati yetu kabla hatujarudi wote wawili kusema ukuta umesimama.

Niliinama, nikashukuru. Nilikuwa nimeshinda. Nilitoka pale nikitembea katikati ya barabara. Nilipofika kwenye mifereji ya soko ndipo maneno ya liwali yalipoanza kunirudia moja moja, na nilipofungua kufuli la mlango wangu nilikuwa nimekwisha kuelewa kwamba nimeshinda kesi ya kufungwa pamoja na mshitakiwa.

Alihamia siku ya pili, na mkewe, na sufuria zao, na mtetea mmoja. Walichukua chumba cha tatu, kile cha katikati kisichovuja, ambacho mshona nguo aliyekipanga alikuwa amekikimbia baada ya ukuta kuanguka. Askari mstaafu naye alihamia kwa rafiki yake. Kwa hiyo nyumba yangu ya kupangisha ikabaki na mpangaji mmoja tu, naye ni mdaiwa wangu, asiyelipa kitu, aliyewekwa kwangu na sheria.

Kila asubuhi alikuwa wa kwanza kuamka. Nilimsikia akikohoa, akichovya mikono kwenye ndoo, akivuta kamba kutoka pembe hadi pembe. Alikanyaga udongo, akafyatua matofali, akayapanga chini ya majani yakauke. Hayakukauka. Mbeya kipindi kile hakuna kinachokauka. Nguo zinavaliwa na ubichi wake. Alipochoka kusubiri aliyapandisha hivyohivyo, mistari miwili, mitatu, na mchana mawingu yakashuka kutoka mlimani, mvua ikaja, akafunika kwa nyasi. Kesho yake alibomoa kilicholainika, akaanza tena. Nilijua kila sauti yake. Niliufahamu mkwaruzo wa mwiko wake kuliko nilivyowahi kufahamu pumzi za mume wangu.

Nilirudi baraza kulalamika.

"Yupo kazini?" karani aliuliza.

"Yupo."

"Kila siku?"

"Kila siku, lakini—"

"Basi anatii amri. Wewe nawe tii."

Nikarudi. Nilipika jikoni pamoja na mkewe, kwa sababu jiko lilikuwa moja. Alikuwa Mnyakyusa kutoka upande wa Tukuyu, mwanamke wa maneno machache, mwenye mikono mikubwa. Wiki za mwanzo hatukusemeshana. Kisha siku moja moto wangu ulikataa, akanisogezea kinga cha moto wake, nami nikasema "ndaga", asante ya kwao, neno pekee nililolijua. Akacheka hadi akakaa chini. Tangu hapo tukawa tunakula pamoja, ndizi zake na maharage yangu, huku mumewe akila peke yake barazani, akitazama barabara. Nilimchukia yule mtu na nilimpenda mkewe, na wote wawili walilala upande wa pili wa ukuta wangu.

Kwaresima ilipokaribia, dereva mmoja aliyefanya kazi na marehemu akasimamisha lori mbele ya nyumba, akashuka. Nilipomwona hashuki kwa furaha, nikaacha unga niliokuwa nakanda.

"Dada, mama yako ameanguka shambani," alisema. "Wamempeleka hospitali ya misheni, Tosamaganga. Upande mmoja hauinuki. Anakutaja."

Nilikwenda baraza vilevile nilivyokuwa, na unga mikononi. Liwali hakuwepo. Karani alinisikiliza mpaka mwisho. Sikumbuki kama siku hiyo alinisahihisha. Akaniambia, si kwa ubaya, kwamba nikiondoka kesi inakufa, na tena nitakuwa nimevunja amri, na aliyevunja amri ya baraza anaitwa kujieleza. Nikamuuliza, je, mama yangu amevunja amri gani? Akafunga kidau cha wino.

Niliporudi nyumbani nilimkuta fundi ameketi juu ya rundo la matofali, anayatazama. Nilimpigia kelele ambazo majirani walizizungumza muda mrefu. Nilimwambia anafanya makusudi, kwamba amepata nyumba ya bure na kuni za bure, kwamba mama yangu atakufa kwa sababu yake. Akavua kofia. Sikumpa nafasi ya kusema. Nikaenda kisimani, na mkewe akanifuata na ndoo tupu.

"Mama, si makusudi," alisema tulipofika. Alisema chini chini, ingawa hapakuwa na mtu. "Hajui."

"Hajui nini?"

"Kujenga. Lupa alikuwa anabeba maji na mchanga. Yule fundi aliyekuwa anambebea alikufa kwa homa, naye akachukua sanduku la vyombo, kwa kuwa hakuna mtu aliyekuja kulidai. Watu wakaona sanduku, wakamwita fundi. Aliitika." Akaiweka ndoo chini. "Ameitika mpaka leo. Nyumba yako ndiyo ya kwanza iliyofika hadi paa."

Nilishika kamba ya kisima, nikashindwa kuvuta. Kumbe liwali alikuwa amemwamuru mtu afanye asichokijua, na mimi nikae nimtazame mpaka akijue. Mtu yule hakuwa na pa kutokea. Akisema hajui, amekiri mbele ya baraza kwamba alipokea kazi kwa uongo, na atafungwa. Asiposema, ataendelea kupandisha tope na kulishusha, mwaka hadi mwaka, na mimi nimo ndani.

Niliporudi nilisimamisha ngazi nyuma ya nyumba.

"Panda," nikamwambia. "Nioneshe hizo kenchi utazifunga vipi."

Alipanda vipago vichache, akashika bati, akatulia. Nikaona magoti yake yanacheza ndani ya suruali.

"Mke wako ameniambia," nilisema.

Alibaki pale juu, mgongo wake kwangu. "Basi sasa tunajua watatu," alisema. "Mama, mimi na wewe hatutoki humu."

"Tutatoka. Twende wote baraza. Useme mwenyewe. Mimi nitasema nimekusamehe, waifute kesi, wewe uende zako na mimi niende kwa mama. Nikisema mimi peke yangu wataona nakusingizia. Ukisema wewe, imekwisha."

Alishuka polepole. Akasema sawa. Mkewe alimfulia shati.

Tulikwenda wote watatu. Safari hii liwali alikuwepo, na wazee wake, na watu wengi wenye mashauri ya mbuzi na mipaka. Nilisema nimemsamehe fundi na naomba kesi ifutwe, na kwamba fundi mwenyewe ana neno. Liwali akamgeukia.

"Fundi, una neno gani?"

Nilimtazama. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Mkewe, aliyekaa nyuma kwenye mkeka na wanawake wengine, alisogeza midomo kama mtu anayemsaidia mtoto kukariri.

"Una neno au huna?"

"Kazi inaendelea, bwana liwali," alisema fundi. "Mvua tu."

Wazee wakacheka. Liwali hakucheka. Aliniambia baraza si mahali pa kuja na shauri hili leo na kesho lile, kwamba amri ni amri, na kwamba kama ninamwonea huruma fundi nimpikie vizuri. Tukaitwa tutoke.

Tulishika barabara ya kurudi. Fundi alitembea mbele, haraka, kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Sikumkasirikia, na hilo ndilo lililonishangaza. Nilikuwa nimeona shingo yake aliposimama pale. Ilikuwa imelowa jasho, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi kali. Mtu aliyeitwa fundi miaka yote hiyo hakuweza kuliweka jina lile chini mbele za watu, hata kwa kufunguliwa mlango.

Kesho yake dereva alipita akielekea Iringa. Nilikuwa nimekaa juu ya kifurushi changu tangu alfajiri. Ufunguo wa kufuli nilimpa mke wa fundi.

"Watakuita," alisema.

"Na waniite."

Tulikwama Usangu. Maji yalikuwa yameikata barabara, na malori yalisimama foleni, mbele yetu na nyuma yetu. Tulilala kwenye magunia, tukanunua wali kwa watu waliokuja kutoka upande wa Rujewa wakiwa wamebeba vyungu vichwani, tukatazama ng'ombe wakivuka pale sisi tulipokuwa tumeshindwa. Nilikuwa nimetoka kwenye kifungo kimoja nikaingia kingine, na katika hiki hapakuwa hata na mtu wa kumlaumu. Niliogopa kulala, nikidhani nikifumba macho nitamwona mama. Maji yalipopungua, watu waliteremka wakasukuma, mimi nikasukuma pamoja nao, nikafika Iringa na tope hadi kifuani.

Mama alikuwa hai. Alilazwa kwenye wodi ndefu ya wanawake, karibu na dirisha, mdogo kuliko nilivyomwacha. "Kamwene," nilimwamkia kwa kikwetu, na upande mmoja wa uso wake ukanijibu. Nilikaa naye. Watawa waliniruhusu nilale kwenye mkeka chini ya kitanda, nikamwosha, nikamlisha uji kwa kijiko. Alipopata maneno, yalikuja machache machache, na siku moja akaniuliza habari ya nyumba.

"Imekwisha?"

"Imekwisha, mama. Ni nyeupe."

Aliridhika. Alikuwa mmoja wa wale walioniambia nisiiache ile nyumba, wakati wengine wote wanasema nirudi. Mvua zilipokuwa zinaisha, alifariki asubuhi, nikiwa nimekwenda kuchota maji ya kumwogesha. Tulimzika kijijini, kwenye udongo mwekundu uliokuwa umeanza kushikana.

Nilirudi Mbeya kipupwe. Njia nzima nilijiandaa kwa askari wa baraza, kwa maelezo, kwa fundi na kamba yake. Mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo uko kwa jirani. Jirani akaniambia kesi ilitupwa zamani, siku ile niliyoitwa nisionekane, na fundi na mkewe waliondoka wiki hiyohiyo. Kuitwa kujieleza hakukuwahi kuja. Nadhani walisahau; walikuwa na mbuzi na mipaka yao.

Nilizunguka nyuma ya nyumba. Ukuta haukuwepo kabisa. Fundi alikuwa ameubomoa wote, mpaka kwenye mawe ya msingi, na msingi alikuwa ameufagia. Matofali aliyapanga mafungu mawili: mazima yaliyokauka vizuri upande wa kivuli, mabovu upande wa barabara. Bati aliziteremsha na kuziegemeza kwenye mti, kubwa nyuma, ndogo mbele. Sijui alizishushaje na magoti yale. Kazi ya kubeba na kupanga alikuwa anaijua, na aliifanya vizuri sana.

Nilisimama pale hadi jua likapungua nguvu, natazama bonde lote la mji kupitia mahali palipokuwa chumba cha askari mstaafu. Nilikuwa huru kuajiri nimtakaye, na sikuwa na cha kumlipa. Msimu ule niliishi nyuma ya pazia la magunia, upepo ukiingia hadi kitandani, nikauza maandazi stesheni ya mabasi. Chumba kimoja kilisimama mwaka uliofuata, cha pili baadaye sana, kwa mikono ya fundi mwingine ambaye nilimfanya anijengee kwanza ukuta wa banda la kuku, na nikaupiga teke mbele yake kabla ya kumpa kazi.

Mke wa fundi nilikutana naye mara moja tu, sokoni, miaka ilipokuwa imesonga. Alikuwa ameketi nyuma ya kapu la mchele. Walikuwa wamehamia upande wa Rujewa, mumewe analima mpunga kwenye mashamba ya mifereji. Tulishikana mikono, tukacheka bila sababu, tukaulizana afya. Nilimuuliza kama huko bado wanamwita fundi.

"Wanamwita," alisema, "lakini sasa haitiki."

Akanipimia mchele, nikauweka kichwani, nikapanda kwenda nyumbani.